Udhibiti wa Ubora kwa Takwimu katika Maabara za Hospitali: Maelezo Kutokana na Mazingira ya Eldoret

Utangulizi

Mgonjwa anayetolewa damu asubuhi katika hospitali ya Eldoret hurejeshewa karatasi yenye tarakimu. Potasiamu 4.1. Glukosi 5.6. Himoglobini 12.3. Daktari huzisoma kwa muda mfupi, kisha huandika dawa, hubadilisha dawa, humlaza mgonjwa au humruhusu aende nyumbani. Ni nadra daktari kuuliza ni kwa nini tarakimu hizo ziaminiwe, na mgonjwa ndiye haulizi kabisa. Ilhali mashine iliyozitoa haina macho wala dhamiri. Ikiharibika nusu, huendelea kutoa tarakimu nadhifu zenye nukta ya desimali, kwa kasi ile ile na kwa mlio ule ule.

Makala haya yanaeleza namna maabara inavyoweza kujua, siku hiyo hiyo na kabla ya jibu kumfikia daktari, kwamba mashine yake bado ni ya kutegemewa. Mbinu hiyo huitwa udhibiti wa ubora kwa takwimu. Mazingira ya Eldoret yanafaa kwa maelezo haya kwa sababu kazi ya maabara mjini humo ni nyingi na ina uzito. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hupokea wagonjwa kutoka sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya. Chuo Kikuu cha Moi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, na ushirikiano wake na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ulizaa, mwaka 2001, mpango wa AMPATH wa kuwatibu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Maabara ya mpango huo hupokea sampuli kutoka kliniki nyingi za eneo hilo na hushiriki katika utafiti wa kimataifa.

Ipo sababu nyingine inayowahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili moja kwa moja. Mbinu inayojadiliwa imesimama juu ya tofauti baina ya dhana mbili ambazo Kiswahili cha kila siku huziita kwa neno moja. Asiyezitenganisha dhana hizo hawezi kuielewa mbinu yenyewe, na mwalimu anayetaka kuifundisha kwa Kiswahili hukwama katika sentensi ya kwanza.

Mizani Mbili za Mahindi

Uasin Gishu ni nchi ya mahindi, na mkulima wake anaijua mizani kuliko anavyoijua maabara. Tuseme gunia lenye uzito wa kilo 90 kamili limepandishwa mara tano kwenye mizani ya mnunuzi wa kwanza, nayo ikasoma 88, 88, 88, 88 na 88. Gunia lilo hilo likapelekwa kwa mnunuzi wa pili, ambaye mizani yake ikasoma 87, 93, 90, 91 na 89. Mkulima akiulizwa mizani ipi ni mbovu, atajibu kuwa zote mbili. Yu sawa, lakini hazina ugonjwa mmoja.

Mizani ya kwanza haibadiliki. Kosa lake ni lile lile kila mara, na kwa hivyo linaweza kusahihishwa kwa kuongeza kilo mbili. Mizani ya pili, ukijumlisha masomo yake yote na kuyagawanya kwa tano, hutoa wastani wa kilo 90 barabara. Hata hivyo, mkulima haupimi mzigo wake mara tano. Hupima mara moja, na katika mara hiyo moja hawezi kujua kama amebahatika au amepunjwa. Hakuna nambari ya kuongeza wala ya kupunguza itakayoitibu mizani hiyo.

Kwa kawaida huambiwa kwamba mizani zote mbili “si sahihi”. Neno sahihi limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Hutajwa kwa jambo lililo la kweli, kwa jambo lisilo na kasoro, na hata kwa alama ambayo mtu huitia kwa mkono wake chini ya hati. Katika makala haya, usahihi ni hali ya kipimo kuwa karibu na thamani ya kweli, na uthabiti ni hali ya kipimo kurudia jibu lile lile kinapopima kitu kile kile. Mizani ya kwanza ina uthabiti bila usahihi. Ya pili imekosa uthabiti. Kosa la mizani ya kwanza litaitwa kosa la mfumo, na la pili kosa la nasibu, yaani lile linalokuja kwa bahati, mara juu mara chini.

Limebaki neno moja gumu. Kiasi ambacho mizani ya kwanza imeenda upande, zile kilo mbili, kinahitaji jina. Baadhi ya waandishi hutumia upendeleo, neno lenye lawama ya kimaadili ndani yake. Mashine haimpendelei mtu. Kiswahili kinalo neno upogo, la kitu kilichokwenda upande au kutazama upande, nalo linafaa zaidi kwa kuwa linaeleza umbo la kosa bila kumshtaki yeyote. Litatumika hapa.

Kutoka Kiwandani hadi Hospitalini

Mbinu yenyewe haikuzaliwa hospitalini. Mnamo Mei 16, 1924, Walter Shewhart, mwanafizikia aliyehudumia kampuni za simu za Bell nchini Marekani, alimpelekea mkubwa wake waraka mfupi wenye mchoro. Tatizo lilikuwa la kiwandani: vifaa vya simu vilivyotengenezwa kwa njia moja havikufanana kabisa, na mafundi walikuwa wakirekebisha mitambo kila walipoona tofauti. Shewhart alionyesha kwamba baadhi ya tofauti ni za kawaida, ni sehemu ya kazi yenyewe, na anayezikimbiza kwa kurekebisha mtambo huzidisha vurugu. Tofauti nyingine zina sababu maalumu inayoweza kutafutwa na kuondolewa. Mchoro wake ulichora mipaka baina ya aina hizo mbili. Mkazi wa Eldoret anayekijua kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichoanzishwa mwaka 1976 na kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, hatashindwa kulielewa tatizo hilo: nyuzi za mtambo mmoja hazina unene mmoja kamili, na kazi ya msimamizi ni kujua ni unene upi unaopaswa kumwondoa kitini.

Hospitali zilichelewa. Mwaka 1947 Belk na Sunderman walichapisha matokeo ya zoezi la kusambaza sampuli zilizotayarishwa kwa maabara za hospitali katika jimbo la Pennsylvania. Majibu ya sampuli iliyo moja yalitofautiana kiasi cha kuaibisha. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1950, Levey na Jennings waliuingiza mchoro wa Shewhart katika maabara ya tiba. Mwaka 1952 Henry na Segalove waliurahisisha kwa kuweka nukta moja kwa kila kipimo kimoja cha sampuli isiyobadilika. Mchoro unaobandikwa ukutani leo kwa hakika ni wa hao wawili wa mwisho, ingawa jina lililoshika ni la Levey na Jennings. Historia ya sayansi, kama historia ya fasihi, haigawi sifa kwa haki.

Chati na Kanuni Zake

Msingi wa kazi ni mwepesi kueleza. Kabla ya kuipimia mashine damu ya wagonjwa, mtaalamu wa maabara huitia sampuli ya kudhibiti, ambayo ni seramu iliyotengenezwa kiwandani kwa wingi, ikagawanywa katika vichupa vinavyofanana na kuhifadhiwa kwenye baridi. Mashine haijui kuwa hiyo si damu ya mgonjwa. Ni swali ambalo anayeuliza ana jibu lake mfukoni.

Ili awe na jibu hilo, mtaalamu huipima sampuli hiyo angalau mara 20, kwa kawaida katika siku 20 tofauti, ili mabadiliko ya kawaida ya kazi yaingie yote: zamu mbalimbali, vitendanishi vilivyofunguliwa leo na vya juzi, asubuhi ya baridi na mchana wa jua. Kutokana na vipimo hivyo hupatikana wastani, na pia mchepuko sanifu, yaani kadirio la umbali ambao vipimo hutawanyika kutoka kwa wastani. Tuseme kwa potasiamu wastani umekuwa 4.0 na mchepuko sanifu 0.1. Kwenye karatasi huchorwa mstari wa katikati kwenye 4.0, kisha mistari ya mchepuko mmoja, miwili na mitatu, juu na chini. Mipaka ya michepuko miwili itakuwa 3.8 na 4.2, na ya mitatu 3.7 na 4.3. Kila siku nukta moja huongezwa.

Mashine ikiwa nzima, nukta 68 hivi katika 100 zitaanguka ndani ya mchepuko mmoja, zaidi kidogo ya 95 ndani ya miwili, na takriban zote, 99.7 katika 100, ndani ya mitatu. Hapa ndipo penye mtego. Ikiwa maabara itasimamisha kazi kila nukta inapovuka michepuko miwili, basi itasimama karibu mara moja katika kila mara 20 bila kosa lolote kuwapo. Na kwa kuwa maabara hutumia sampuli ya kiwango cha chini na ya kiwango cha juu, wakati mwingine na ya kati, kengele za uongo huongezeka: karibu 9 katika 100 kwa sampuli mbili, na 13 katika 100 kwa sampuli tatu. Mlinzi anayepiga kelele kila usiku bila mwizi, usiku wa mwizi hakuna atakayeamka.

Ndiyo maana mwaka 1981 James Westgard na wenzake walipendekeza kanuni kadhaa zitumike pamoja. Nukta moja ikivuka michepuko miwili, hilo ni onyo tu, si hukumu. Mtaalamu hutazama nukta zilizotangulia na zile za sampuli nyingine. Ikivuka mitatu, majibu huzuiwa. Nukta mbili mfululizo zikivuka michepuko miwili upande mmoja, majibu huzuiwa, kwa sababu mashine nzima ingefanya hivyo karibu mara moja tu katika 1,000. Nukta nne mfululizo zikivuka mchepuko mmoja upande ule ule, au nukta 10 zikikaa upande mmoja wa wastani hata kama zimeusogelea sana, pia kuna jambo. Kanuni hiyo ya nukta 10 ni ya kuvutia kwa kuwa hakuna hata nukta moja kati ya hizo inayotisha ikitazamwa peke yake. Lakini sarafu ikirushwa mara 10 na kuangukia sura moja zote, jambo hilo hutokea mara moja katika 512, na mwenye busara huanza kuikagua sarafu.

Kanuni hizi hazitoi tu amri ya kusimama. Hudokeza pia aina ya ugonjwa. Nukta iliyoruka peke yake kupita michepuko mitatu, au sampuli mbili zilizoachana kwa zaidi ya michepuko minne, moja juu na nyingine chini, huashiria kosa la nasibu: kiputo cha hewa ndani ya mrija, umeme uliopepesa, kichupa ambacho hakikutikiswa vizuri. Nukta zinazohama pamoja kwenda upande mmoja huashiria upogo: kitendanishi kilichozeeka, taa ya mashine inayofifia, jokofu lililopoteza baridi wikendi nzima. Zile mizani mbili za mahindi zimerudi, safari hii zikiwa kwenye karatasi moja.

Kwa mgonjwa, upogo ndio wenye hila zaidi. Mashine iliyoongeza 0.6 kwa kila potasiamu itamfanya mtu mwenye 5.0 aonekane ana 5.6, na daktari atashtuka, huenda akaagiza kipimo kirudiwe. Lakini mtu mwenye 3.0 ataonekana ana 3.6, kiwango ambacho karatasi nyingi hukitaja kuwa cha kawaida. Huyo hatarudiwa na mtu. Potasiamu iliyopungua kiasi hicho inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na ataondoka na karatasi isiyo na alama yoyote nyekundu.

Saa Nane za Usiku

Maelezo ya vitabuni humalizikia hapo. Kazini ndipo ugumu unapoanzia. Saa nane za usiku mtaalamu yuko peke yake, idara ya dharura inapiga simu, na sampuli ya kudhibiti imekataa. Kuna njia tatu za kuifanya ikubali bila kuitibu mashine, na zote tatu zina sura ya kazi halali.

Ya kwanza ni kurudia. Inajulikana katika maabara duniani kote, na hesabu yake ni ya kuhuzunisha. Tuseme mashine imekwenda upogo kiasi kwamba nusu ya vipimo vya sampuli ya kudhibiti huanguka nje ya mpaka. Mtaalamu akiruhusiwa kujaribu mara tatu, uwezekano wa kupata angalau jibu moja zuri ni 7 katika 8. Akikubali jibu hilo, hajathibitisha kuwa mashine imepona. Amethibitisha kwamba ana subira.

Ya pili ni kufungua kichupa kipya na kukilaumu cha zamani. Wakati mwingine lawama hiyo ni ya haki. Ikiwa kila siku kichupa ndicho chenye makosa, basi chati haipimi mashine tena.

Ya tatu huwa haionekani kuwa hila kabisa. Mtengenezaji wa sampuli ya kudhibiti huchapisha mipaka yake kwenye karatasi ndani ya boksi. Mipaka hiyo hukusanya tofauti za maabara nyingi na mashine nyingi, na kwa hivyo ni mipana kuliko tabia ya mashine moja. Maabara inayoitumia badala ya kujihesabia mchepuko wake yenyewe itapata chati tulivu mwaka mzima, nukta zote zikiwa zimejikunyata katikati ya uwanja mkubwa. Utulivu huo husifiwa na wakaguzi wasio makini.

Ni lazima isemwe kwamba mtaalamu huyo wa usiku si mvivu wala mwongo. Sampuli za kudhibiti huagizwa kutoka ng'ambo kwa bei kubwa, huisha, huchelewa, na toleo jipya huhitaji vipimo vingine 20 kabla ya kutegemewa. Kuzuia majibu kuna gharama anayoiona mbele yake, mgonjwa anayesubiri. Kuyatoa kuna gharama ambayo pengine hataiona kamwe. Kwa sababu hiyo kanuni huandikwa kabla ya usiku huo, mchana, na watu wasiopigiwa simu.

Kulikuwa pia na juhudi za kuzitoa maabara za Afrika katika upweke. Azimio la Maputo la Januari 2008 lilizihimiza serikali kuimarisha maabara zao, na mwaka 2009 mjini Kigali ulizinduliwa mpango wa kuzipandisha ngazi kwa nyota, kutoka sifuri hadi tano, kuelekea kiwango cha kimataifa cha ISO 15189. Shirika la AMREF liliendesha mpango wa Afrika Mashariki wa kupeleka sampuli za siri kwa maabara za Kenya, Uganda, Tanzania Bara na Zanzibar ili majibu yalinganishwe. Ulinganishi wa aina hiyo hufichua upogo ambao chati ya ndani haiwezi kuuona: ikiwa wastani wa maabara wenyewe ulipatikana siku 20 mashine ikiwa tayari imepotoka, chati itaulinda upotofu huo kwa uaminifu mkubwa.

Kuwatumia Wagonjwa Wenyewe

Mwaka 1974 Brian Bull na wenzake walibuni njia isiyohitaji kichupa cha kununua. Walitambua kwamba baadhi ya vipimo vya chembe nyekundu za damu, kama vile ukubwa wa wastani wa chembe, havibadiliki sana katika kundi la wagonjwa hata kama mgonjwa mmoja mmoja hutofautiana. Ukifuatilia wastani wa kila wagonjwa 20, wastani huo nao huwa sampuli ya kudhibiti, na ni wa bure.

Kwa maabara yenye uhaba wa fedha wazo hili linavutia mno, lakini linadai kwamba wagonjwa wa leo wafanane na wa jana. Magharibi mwa Kenya sharti hilo halitimii kirahisi. Dawa ya zidovudini, iliyotumiwa sana katika tiba ya virusi vya UKIMWI miaka ya 2000, hukuza chembe nyekundu. Siku ya kliniki hiyo, wastani ungepanda bila mashine kuwa na kosa. Siku ya kliniki ya selimundu ungekwenda kwingine tena. Maabara inayoiga njia hii bila kujua ratiba ya kliniki zake itatafuta hitilafu ndani ya mashine, ilhali kilichobadilika ni foleni nje ya dirisha.

Yasiyoonekana kwenye Chati

Sampuli ya kudhibiti haijawahi kupanda gari kutoka Kapsabet au Kitale. Imekaa kwenye jokofu la maabara tangu ilipofika. Damu ya mgonjwa imesafiri, na kabla ya seramu kutenganishwa, chembe zake ziliendelea kuishi ndani ya mrija: zilikula glukosi kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na ikiwa damu iliwekwa penye baridi kali, zilivujisha potasiamu. Mashine itaipima damu hiyo kwa usahihi na kwa uthabiti, na jibu litakuwa la kweli kuhusu mrija, si kuhusu mgonjwa. Chati ya siku hiyo itakuwa safi.

Mwishoni kabisa kuna tarakimu ndogo zinazochapishwa kando ya jibu, za viwango vya kawaida. Kwa miaka mingi zilinakiliwa kutoka vitabu vya Ulaya na Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu watu wazima wa Kericho ulionyesha kuwa baadhi ya viwango vya wenyeji wenye afya havilingani na vile vya Marekani. Eldoret nayo iko kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na mwili hujitengenezea himoglobini zaidi. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani huweka mpaka wa upungufu wa damu kwenye 12.0 kwa wakazi wa usawa wa bahari; kwa mwinuko kama wa Eldoret, marekebisho ya shirika hilo hilo huupandisha hadi kupita 12.3. Kwa hivyo himoglobini ile ya mwanzoni inaweza kuwa imepimwa na mashine nzima, asubuhi ambayo nukta zote za chati zilikuwa mahali pake, na bado mwenye karatasi akaambiwa kuwa damu inamtosha.